Kijani Kilichomdanganya Fundi Laurean

Tarehe 11 Agosti 1978, mjini Bukoba, Laurean Rwechungura alifaulu mtihani wa ufundi magari daraja la kwanza. Cheti kinaning'inia sebuleni kwake Mbwawa, Kibaha, ndani ya fremu ya alumini. Mchwa wamekula kona ya chini kushoto, lakini tarehe, muhuri na sahihi bado vinasomeka.

Ana miaka sitini na tisa. Nyuma ya nyumba ana shamba la mihogo, banda la kuku, na turubai lililotandazwa juu ya nguzo nne ambalo yeye huliita gereji. Magari yanayoletwa hapo mengi ni ya kawaida: Noah zenye kelele chini, Fuso za mchanga, pikipiki. Lakini ana jina kwa jambo jingine. Mtu yeyote kati ya Mlandizi na Kisarawe mwenye gari la zamani la Kifaransa ambalo hajui ni la aina gani, huambiwa na mafundi wenzake, "Mpelekee Mhaya wa Mbwawa."

Gari analolijua kuliko yote ni Citroen ile ya miaka ya sitini ambayo umbo lake lilichongwa kwa ajili ya upepo. Pua inashuka, paa linateremka polepole hadi nyuma, matairi ya nyuma yamefichwa nusu ndani ya bodi. Likizimwa hulala chini karibu na ardhi. Likiwashwa hujiinua lenyewe. Wengi huliita DS, yote kwa pamoja. Laurean hukereka akisikia hivyo. Zilikuwapo DS na zilikuwapo ID, nduguze za bei nafuu, na kwa mbali hufanana kama mapacha.

Alifundishwa kuzitenganisha katika gereji ya misheni, na mtawa aliyeitwa Bruda Didas. DS ya kawaida haina pedali ya klachi. ID ina pedali tatu. Taa za kuonyeshea kona, zile za nyuma zilizokaa kwenye pembe za paa kama tarumbeta ndogo, kwenye DS huvikwa chuma king'aacho, na kwenye ID nyingi ni plastiki ya rangi ya zambarau iliyoiva. Hayo ni ya jina tu. Kosea jina, mwenye gari atanuna, basi.

La hatari ni mafuta. Katika magari haya mafuta ya aina moja, yanayosukumwa na pampu moja, ndiyo yanayoinua gari na ndiyo yanayobana breki. Hadi 1966 kiwanda kilitumia mafuta mekundu. Baada ya hapo kikahamia ya kijani. Mipira ya kuzibia iliyotengenezwa kwa mekundu, ikiguswa na ya kijani, huvimba na kuwa laini kama ugali wa jana. Gari litatembea siku moja, pengine mbili. Kisha mguu utakanyaga breki na breki haitakuwapo.

"Bruda alitupa alama tatu," anasema Laurean. "Rangi ya vyuma chini ya boneti: vyuma vyeusi, mafuta ni mekundu; vya kijani, mafuta ni ya kijani. Mwaka kwenye kibati cha kiwandani. Na pua yako mwenyewe: fungua tangi, nusa. Ya kijani yananuka karibu kama mafuta ya taa. Mekundu yana utamu fulani. Akasema alama moja ni uvumi, mbili ni ushahidi, tatu ndipo umimine."

Kwa miaka arobaini na sita hakuwahi kumimina mafuta yasiyo yake. Hakuwahi, hadi wiki hii.

Mwanahalima Zubeir alifika Mbwawa Jumapili asubuhi kwa bodaboda aliyoikodi Kiluvya, akiwa na picha ndani ya mfuko wa nailoni. Ana miaka hamsini na minne, ni karani mstaafu wa halmashauri, na nyumba yao iko Kisarawe tangu enzi za babu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Tereza, leta kiti."

Picha ilikuwa ya mwaka 1992. Bibi harusi ameketi nyuma ya gari jeupe lenye pua ndefu, uso umeinama. Bibi harusi huyo ni Mwanahalima mwenyewe. Gari ni la baba yake, marehemu Mzee Zubeir Maneno, aliyekuwa dereva wa daktari mmoja wa kigeni. Daktari alipoondoka mwaka 1973 alimwachia. Tangu hapo hakuna binti wa nyumba ile aliyeolewa akatoka uani kwa gari jingine. Dada zake wawili walitoka nalo. Shangazi yake mdogo alitoka nalo. Halijawaka tangu 2009. Mzee alifariki miaka mitatu baadaye.

"Binti yangu Firdausi anaolewa Jumamosi," alisema. "Ni mjukuu wa kwanza wa kike. Marehemu alimwambia akiwa na miaka mitano, wewe nitakuendesha mwenyewe. Hayupo. Basi gari liwepo."

"Mnatoka wapi kwenda wapi?"

"Nyumbani Kisarawe, tunashuka Pugu. Kwa bwana harusi."

Laurean aliujua mteremko huo. Aliuliza nani atakuwa ndani ya gari.

"Bibi harusi, somo yake anayemfunda, na mimi."

"Na gari ni la aina gani?"

"DS," alisema Mwanahalima bila kusita. "Imeandikwa nyuma."

Jumanne Laurean alikuwa Kisarawe. Gari lilikuwa ndani ya kibanda cha mabati kando ya nyumba, limelala juu ya tumbo lake, vumbi limeganda kwenye vioo. Alilizunguka mara moja bila kugusa kitu. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akahesabu pedali kwa kidole. Akaenda nyuma, akagonga tarumbeta ya kona kwa ukucha. Ilitoa sauti ya plastiki. Akapiga magoti mbele ya herufi D na S kwenye buti.

"Mama, njoo uone. Hizi skrubu. Hii ina kichwa cha msalaba, hii ina mfuo mmoja. Kiwanda hakifungi hivi. Hii ni skrubu ya dawati la shule."

"Maana yake nini?"

"Maana yake herufi zimefungwa hapahapa. Hili si DS. Ni ID."

Mwanahalima aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Firdausi, aliyekuwa amesimama mlangoni na hina ya majaribio kwenye mkono mmoja, aliangua kicheko, akajizuia.

"Mama, si ulimwambia mama mkwe ni DS? Na ukaandika kwenye kundi la harusi."

"Nyamaza wewe." Kisha kwa Laurean, sauti ikiwa chini: "Baba yangu alikuwa haongopi, fundi. Miaka yote hiyo. Tumekua tunasema DS. Shuleni nimepigana kwa ajili ya DS."

"Pengine aliuziwa herufi akaamini."

"Hakuna aliyemuuzia baba herufi." Alizitazama zile skrubu mbili kwa muda. "Dawati la shule. Alikuwa kwenye kamati ya shule."

Laurean hakutafuta neno la kumpoza. Anakiri kwamba alijisikia vizuri. Amezoea watu kukaa chini ghafla anapowaambia gari lao ni nani. Alifungua boneti. Na hapo, anasema, aliona alichokuwa anakitafuta: tangi la mafuta, matufe ya gesi yanayofanya kazi ya springi, pampu na mabano yake, vyote vya kijani. Kijani kizito, kilichofifia, chenye vumbi la miaka. Kadi ya gari ilisema liliandikishwa nchini mwaka 1967. Taa mbili za mbele, pua ya mwisho kabla kiwanda hakijaibadilisha. Yote yalikaa sawa. Gari la mwaka wa mabadiliko, kati ya yale ya kwanza kupewa mafuta ya kijani.

Kibati cha kiwandani kilikuwa kimefunikwa na rangi hiyohiyo. Hakukikwangua. Alifungua tangi. Ndani palikuwa pakavu, na utando mweusi chini. Aliinama juu yake kama anusaye, kisha akafunga kifuniko.

Hakunusa. Hawezi. Mwaka 2021 aliugua homa kwa wiki mbili, na alipopona harufu zote zilikuwa zimeondoka. Anayejua ni mkewe Tereza peke yake, aliyerudi kutoka kisimani akamkuta ameketi hatua tatu kutoka kwenye sufuria ya maharage yanayoungua, anasoma gazeti. Tereza alimsihi awaambie wateja. Alijibu kwamba fundi hafanyi kazi kwa pua.

Jumatano alasiri alisafisha tangi kwa kitambaa na kumimina lita tatu na nusu za mafuta ya kijani aliyokuwa ameyahifadhi Mbwawa. Betri mpya ilikuwa haijafika. Hakuwasha.

Betri ililetwa Alhamisi asubuhi. Ilipofika saa nne na dakika ishirini hivi ilikuwa imefungwa, na Laurean alikuwa kwenye kiti cha dereva, ufunguo ndani ya swichi. Mwanahalima alikuwa amesimama mbele ya gari na simu, tayari kupiga picha ya video ya gari likijiinua.

Ndipo alipoingia uani Mwinyijuma, mdogo wa marehemu Mzee Zubeir. Ana miaka sabini na miwili, na alivaa fulana nyekundu ya timu ya Simba, kwa sababu huko Kisarawe hakuna anayemkumbuka akiwa na fulana nyingine.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Mwanahalima.

"Marahaba. Kumbe kweli mnamfufua." Alitazama chini ya boneti iliyokuwa bado wazi, akatikisa kichwa. "Aa, kaka. Hata kaburini anatuchokoza na uchafu wake huu."

"Uchafu gani?"

"Kijani chote hiki! Siku ile Yanga yake ilitufunga Simba, sikumbuki mwaka gani, sipendi kukumbuka. Alikwenda dukani akarudi na kopo la rangi na brashi. Akapaka kila chuma humu ndani. Nikamwambia, 'Kaka, umerogwa, injini unaipaka rangi ya timu?' Akasema, 'Gari langu ni Mwananchi, damu yake tu ndiyo ya Mnyama, na hilo nitaliomba Mungu anisamehe.' Kaka yangu angeweza angepaka hata wali."

Firdausi alicheka. Mwanahalima alicheka. Laurean hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ufunguo.

"Mzee," alisema, "umesema damu yake."

"Mafuta yake. Si yalikuwa mekundu? Hilo ndilo lilimuuma. Mtu wa Yanga anamwagia gari lake rangi ya Simba kila mwezi. Na yalipokuwa hayapatikani alichanganya mwenyewe: mafuta ya breki na mafuta ya nyonyo. Wewe umeweka nyonyo ya duka gani?"

"Nyonyo?"

"Mafuta ya nyonyo, bwana! Hawa kina mama wanapaka nywele. Kaka alikuwa anayanunua lita nzima, muuza duka akadhani ameoa msusi."

Laurean alitoa mkono kwenye ufunguo kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeachia mdomo wa nyoka. Mwanahalima anasema alidhani mzee amepata kiharusi. Uso wake ulibadilika rangi, midomo ikawa inatembea bila sauti. Alipotoka garini alishika mlango kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "ondoa betri. Mtu yeyote asiguse ufunguo huu."

"Kuna nini?"

Laurean alichukua bisibisi bapa, akakwangua kibati cha kiwandani. Rangi ya kijani ilitoka kwa magamba, na chini yake pale kwenye bano palionekana peusi. Rangi ya kiwandani. Nyeusi. Aliendelea hadi tarakimu zikasomeka, akazifananisha na karatasi iliyochakaa ya namba za kiwanda aliyokuwa nayo ndani ya daftari lake. 1965. Mwaka wa kwenye kadi ulikuwa mwaka gari lilipofika, si mwaka lilipotengenezwa.

Alifungua bomba moja upande wa nyuma, mbali na tangi, ambako mafuta yake mapya yasingekuwa yamefika. Tone zito, jeusi, likatoka taratibu likakaa kwenye kidole chake. Alilitazama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mteja. Alimnyooshea Firdausi kidole.

"Binti, nisaidie. Nusa hapa uniambie."

"Kwa nini usinuse wewe, babu?"

"Kwa sababu sinusi kitu. Mwaka wa nne sasa. Sinusi moshi, sinusi petroli, sinusi chakula cha mke wangu. Juzi mliniona nimeinama kwenye tangi. Nilikuwa nawadanganya."

Firdausi alisogea, akashika ule mkono kwa kiganja kisicho na hina, akainamisha pua.

"Yananukia bibi," alisema.

"Nani?"

"Bibi. Mama yake mama. Kichwa chake, akitoka kusukwa." Aligeuka kwa mama yake na macho yamemtoka. "Mama, nusa. Wallahi ni bibi."

Mwanahalima alinusa. Akavuta mtandio wake akafunika mdomo.

Laurean aliwaeleza bila kupunguza chochote, kwa maneno mafupi. Gari hili ni la mafuta mekundu. Yeye jana ameliwekea ya kijani. Kama Mwinyijuma angechelewa dakika moja, pampu ingeyapeleka kila mahali. Breki zingeshika leo. Zingeshika kesho. Jumamosi, kwenye mteremko wa kwenda Pugu, na watu watatu ndani na msafara nyuma, hajui, lakini yeye asingempakia mwanawe.

"Ulikuwa unaniulia mtoto," alisema Mwanahalima. Hakupaza sauti.

"Ndiyo, mama."

"Na juzi umekaa hapa unanihesabia skrubu za baba yangu."

"Ndiyo."

Mwinyijuma, ambaye wote wanasema hakuwahi kukosa la kusema, alivua kofia yake akaishika mkononi. Akasema, kwa sauti ndogo, "Basi, Mwanahalima. Amesema mwenyewe. Wangapi wangesema? Angewasha, akala wali wenu, akaenda zake Kibaha."

"Baba mdogo, nimekusikia."

Kutwa nzima ya Alhamisi Laurean alikuwa chini ya gari. Alimwaga lita tatu na nusu zote. Alichomoa bomba linalotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, akaosha kwa spiriti mara nne, na kila mara Firdausi aliitwa anuse. Mara ya tatu alisema bado kuna mafuta ya taa kwa mbali. Mara ya nne akasema hakuna kitu. Mama yake alimkataza kukaa karibu na spiriti, bibi harusi asije akaingia kwa mumewe ananuka hospitali, lakini hakusikia.

Kwenye mdomo wa pampu mpira wa kwanza ulikuwa umeshaguswa. Usiku mmoja tu, kwa mafuta kushuka yenyewe. Laurean aliubonyeza kwa kucha na alama ya kucha ikabaki. Aliuweka juu ya kitambaa cheupe akamwita Mwanahalima auone. Mwanahalima aliubonyeza naye. Alama ikabaki.

"Kwa hiyo Jumamosi hakuna gari," alisema.

"Hakuna gari la kushuka mlima. Hata ningepata mafuta mekundu leo, pampu sijaifungua. Siwezi kukuambia breki ni nzima, na sitakuambia tena kitu nisichokijua."

Mwanahalima alikaa kwenye ndoo ileile aliyokalia Jumanne. Firdausi alikuwa ukutani, akiitazama hina yake.

"Marehemu babu aliahidi nitatoka uani kwa gari hili," alisema. "Hakusema hadi Pugu."

Laurean aliinua kichwa.

"Kutoka hapa hadi barabarani ni hatua ngapi?"

"Themanini," alisema Mwinyijuma. "Tambarare. Nimezihesabu wakati wa jeneza lake."

Laurean alieleza kwamba usukani wa ID hii hauhitaji mafuta, ni mzito tu. Breki ya kuegeshea ni ya waya, haijaguswa na kitu. Tumbo litakuwa chini, kiasi cha kiganja kutoka ardhini, kwa hiyo mawe yaondolewe yote. Akaijaribu breki hiyo hapohapo, wapwa wanne wa Mwanahalima wakisukuma, mara sita. Mara zote sita gari lilisimama. Alimtaka Mwanahalima aivute yeye mwenyewe mara ya saba.

Kabla ya kuondoka alifungua daftari lake la magari. Ukurasa wa Jumanne ulikuwa umeandikwa kwa kalamu: ID, mafuta ya kijani. Alikata kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: ID, 1965, mekundu. Kijani ni rangi ya Mzee Zubeir. Imenuswa na Firdausi.

Herufi za DS alizisafisha na kuziacha zilipo. Mwanahalima ndiye aliyesema zisiguswe.

Jumamosi saa nane mchana wapwa wanane na Mwinyijuma wataisukuma ID hatua themanini, injini ikiwa imezimwa na betri imetolewa, Firdausi akiwa kiti cha nyuma. Laurean atakaa kwenye usukani, Mwanahalima kando yake, mkono kwenye breki. Barabarani bibi harusi atahamia gari la kukodi na kushuka Pugu. Jumatatu Laurean atarudi Kisarawe kufungua pampu, na Tereza atafuatana naye kunusa.